Bustani za Nyumbani Japani: Kilimo cha Kufuata Kalenda

Japani ni safu ya visiwa iliyonyooka kwa takriban kilomita 3,000 kutoka kaskazini-mashariki hadi kusini-magharibi, kwa hiyo haina hali moja ya hewa. Hokkaido, kaskazini, ardhi huganda na bustani hulala chini ya theluji kwa miezi. Okinawa, kusini, mipapai huzaa uani, na mboga nyingi hulimwa majira ya baridi kwa kuwa jua la katikati ya mwaka halivumiliki. Katikati kuna Honshu, kisiwa kikubwa chenye Tokyo, Osaka na Nagoya, na huko ndiko waliko wengi wa wale wanaolima kwa kujifurahisha: wastaafu, wazazi wenye watoto wadogo, na wafanyakazi wa ofisini wanaoshika jembe Jumamosi tu.

Tokyo hupata mvua ya milimita 1,600 hivi kwa mwaka. Wastani wa joto ni nyuzi 5 mwezi Januari na nyuzi 27 mwezi Agosti. Kwa kuzitazama tarakimu hizo mtu angedhani mkulima wa huko amebarikiwa, maana maji yapo na joto lipo. Ila maji hayo huja kwa mikupuo miwili. Wa kwanza ni tsuyu, mvua za mfululizo zinazoanza mapema Juni na kukoma baada ya katikati ya Julai. Wa pili ni mvua za Septemba na Oktoba, zinazoandamana na vimbunga. Baridi nayo hufunga mlango pande zote mbili za mwaka. Kila zao lina wakati wake wa kupandwa, mara nyingi wiki mbili au tatu tu, na anayechelewa hungoja mwaka mzima.

Hata ndani ya Honshu milima hugawa mambo. Wakati wa baridi pepo kutoka Siberia huvuka Bahari ya Japani, hubeba unyevu na kuumwaga kama theluji upande wa magharibi, katika miji kama Niigata na Kanazawa. Zikishavuka milima hufika Tokyo zikiwa kavu, chini ya anga la buluu. Katika bustani maarufu ya Kenrokuen mjini Kanazawa, kuanzia Novemba mosi mafundi hufunga matawi ya misonobari kwa kamba nyingi zinazoshuka kutoka kwenye nguzo ndefu, ili yasivunjike kwa uzito wa theluji. Mwenye bustani wa Tokyo hana shida hiyo. Majira hayohayo yeye huvuna spinachi.

Nafasi ni tatizo la pili baada ya wakati. Katika vichochoro vya mitaa ya zamani ya Tokyo, kama Yanaka na Tsukishima, vyungu hupangwa mbele ya milango, na maboksi meupe yaliyobeba samaki sokoni hutobolewa chini na kugeuzwa vitalu. Wakazi wa ghorofa hutumia baraza, lakini kwa masharti. Baraza ndiyo njia ya kukimbilia moto ukizuka: ukuta mwembamba unaotenganisha baraza na ya jirani umetengenezwa ili uvunjwe kwa teke, kwa hiyo ni marufuku kuuziba kwa vyungu.

Anayetaka kushika udongo wa kweli hukodi kiwanja katika shimin noen, yaani mashamba ya wananchi. Sheria ya mwaka 1989 iliruhusu ardhi ya kilimo kukodishwa vipande vidogo kwa watu wasio wakulima, na ya mwaka 1990 ikahimiza ujenzi wa mashamba yenye mabomba ya maji, stoo na vyoo. Leo yapo zaidi ya 4,000 nchini. Kiwanja cha kawaida mjini ni meta za mraba 10 hadi 30, na panapokuwa na waombaji wengi hupigwa kura. Kupanda miti kwa kawaida hakuruhusiwi, na mkataba huwa wa mwaka mmoja au michache. Hapo ndipo penye dosari: mtu huurutubisha udongo kwa mboji misimu mitatu, kisha unapoanza kulipa humkabidhi mwingine.

Udongo wenyewe hudanganya macho. Uwanda wa Kanto unaoizunguka Tokyo umefunikwa na kuroboku, udongo mweusi uliotokana na majivu ya volkano. Ni laini, mwepesi, wala hautuamishi maji. Mgeni akiuona hudhani hauhitaji mbolea. Lakini madini ya alumini yaliyomo huifunga fosforasi kiasi kwamba mmea hauipati, na mvua nyingi huosha kalisi na magnesi hadi udongo unakuwa na tindikali. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya kila msimu ni kumwaga chokaa ya kilimo, kungoja wiki moja au mbili, kisha kuchanganya mboji na mbolea yenye fosforasi. Spinachi ndiyo hutoa ushahidi wa haraka: mahali chokaa iliposahauliwa huchomoza, hugeuka rangi ya manjano, na kudumaa hapohapo.

Kupanda mboga za majira ya joto hungoja sakitu ya mwisho. Kwa hesabu ya jadi, usiku wa 88 tangu mwanzo wa majira ya kuchipua, unaoangukia Mei 2 hivi, ndio mwisho wa hatari hiyo. Siku hizo huangukia likizo ndefu ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, na maduka ya vifaa vya nyumbani hujaa watu wanaosukuma vitoroli vya miche ya nyanya, biringanya, matango na pilipili hoho. Miche mingi huuzwa kwa aina mbili, ya kawaida na ya kubebeshwa. Wajapani walianza kubebesha matikiti maji juu ya mashina ya maboga katika miaka ya 1920, na sababu yake inawahusu sana wenye bustani ndogo. Kiwanja kidogo hakina pa kuhamishia mazao, zao moja hurudi palepale kila mwaka, na vimelea vya mnyauko hujaa ardhini. Shina la chini lenye ukinzani huuokoa mmea. Mche wa kubebeshwa ni ghali zaidi, lakini kwa biringanya gharama hiyo hurudi.

Nyanya ndiyo inayopendwa kuliko zote na ndiyo inayosumbua kuliko zote. Asili yake ni nchi kavu za milima ya Andes, na Japani huinyeshea wiki sita mfululizo wakati inapobeba matunda. Kila mmea huachiwa shina moja, hufungwa kwenye mti kwa kamba iliyosokotwa mfano wa tarakimu nane ili shina lipate nafasi ya kunenepa, na vichipukizi vya kwapani hukonyolewa kwa vidole. Kazi hiyo hufanywa asubuhi ya siku ya jua, jeraha likauke kabla ya jioni. Wakati wa tsuyu matone huruka kutoka ardhini na kubeba vijidudu vya ukungu hadi kwenye majani, kwa hiyo matuta hunyanyuliwa juu na kufunikwa plastiki nyeusi. Wenye bidii hujenga kipaa cha nailoni juu ya nyanya. Wasiojenga huona matunda yakipasuka mara yanapoanza kuiva, kwani maji huingia ndani upesi kuliko ganda linavyoweza kutanuka.

Mvua zikikatika, jua huingia bila kupiga hodi. Agosti 5, 2025 mji wa Isesaki mkoani Gunma ulifikia nyuzi 41.8, rekodi ya nchi. Joto likivuka nyuzi 35 mchana na usiku usipopoa, maua ya nyanya huanguka bila kushika matunda. Mwenye bustani humwagilia alfajiri au jioni, hung'oa magugu yanayorudi baada ya siku chache, huumwa na mbu, na huonywa na redio asikae juani.

Pamoja na hayo, Julai na Agosti ndiyo miezi ya furaha. Tango lililokuwa kama kidole juzi leo ni la kuchuma, na likisahauliwa siku mbili hugeuka rungu. Familia moja haiwezi kuyamaliza, hivyo mfuko wa matango huning'inizwa kwenye mlango wa jirani, ambaye siku nyingine hurudisha biringanya. Yanayobaki huzikwa katika chombo cha pumba za mchele zilizochachuliwa kwa chumvi, pumba ambazo sharti zigeuzwe kwa mkono kila siku zisioze, na kesho yake huliwa kama achari. Soya mbichi zina taratibu zake: utamu wake hupungua tangu zinapochumwa, kwa hiyo walaji makini hubandika sufuria jikoni kwanza, maji yakikaribia kuchemka ndipo hutoka kwenda kung'oa shina. Raha hiyo haiuzwi dukani.

Karela ina historia ya peke yake. Kwa miaka mingi karela za Okinawa hazikuruhusiwa kupelekwa visiwa vingine kwa hofu ya nzi wa matikiti. Kampeni iliyoanza mwaka 1972, ya kuachia mabilioni ya nzi waliohasiwa kwa mionzi, iliwamaliza wadudu hao ilipofika 1993, na zao likaenea nchi nzima. Baada ya tetemeko la ardhi na ajali ya nyuklia ya mwaka 2011, umeme ulipokuwa haba, shule, ofisi na nyumba nyingi zilitundika nyavu madirishani na kupandisha karela juu yake. Majani huzuia jua lisiingie ndani, na matunda huliwa yakiwa yamekaangwa kwa mayai na tofu.

Mwisho wa Agosti, wakati hakuna anayetamani kutoka nje, ndipo mazao ya baridi huanzwa. Kabichi ya Kichina ndiyo mtihani mgumu. Sharti ikusanye majani ya kutosha kabla ya baridi kuingia. Ikichelewa haifungi kichwa. Ikiwahishwa hukutana na viwavi, na mmoja kati yao ni mdogo kuliko punje ya mchele, huingia katikati ya mche na kula kichomozi. Kiwavi mmoja hutosha kuuharibu mmea wote, kwa hiyo chandarua chenye matundu madogo hutandazwa siku ileile ya kupandikiza. Majira ya joto ya 2023, 2024 na 2025 yamekuwa makali kuliko yote tangu vipimo vilivyopo vianze mwaka 1898, na tarehe zilizoandikwa kwenye pakiti za mbegu haziaminiki tena kama zamani.

Vimbunga navyo havitabiriki. Kwa wastani huzaliwa 25 kwa mwaka katika Pasifiki ya magharibi, na takriban vitatu hutua Japani. Onyo likitolewa, vyungu hushushwa kutoka barazani, nyavu za karela hukunjwa, na miti ya kuegemezea hufungwa upya. Biringanya zilizokatwa matawi mwishoni mwa Julai, zikipona upepo, hutoa mavuno ya pili Septemba na Oktoba, laini na matamu. Msemo mmoja wa zamani unakataza mkaza mwana kulishwa biringanya hizo. Baadhi husema ni uchoyo wa mama mkwe, wengine husema ni huruma, kwani chakula hicho hudhaniwa kuupoza mwili.

Vijijini kuna wapinzani wa miguu minne. Nguruwe pori huchimbua viazi vitamu usiku mmoja kabla ya siku ya kuvuna, nyani hubeba maboga, na ua wa umeme umekuwa kifaa cha kawaida cha bustani. Matunda ya mpersimoni yasiyochumwa huvuta dubu hadi karibu na nyumba, jambo lililofanya serikali za mitaa nyingi kuwahimiza wakazi wayavune yote au waikate miti hiyo.

Novemba hupandikizwa vitunguu maji. Mche unaofaa una unene wa penseli. Mnene zaidi hutoa ua katika majira ya kuchipua na kuharibika. Mwembamba zaidi haufiki huko. Katika udongo wa Kanto maji ya ardhini huganda usiku kuwa sindano za barafu zinazoinua udongo pamoja na mche, mizizi ikabaki nje, na asubuhi mwenye bustani hupita akiirudisha chini kwa unyayo. Spinachi na figili, kwa upande wao, hunufaika: baridi huzifanya zirundike sukari ili zisigande, na za Januari ni tamu kuliko za Oktoba. Vitunguu hung'olewa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, siku kavu, kabla tsuyu haijaingia, kisha huning'inizwa chini ya upenu.

Anayeanza, basi, asianze na nyanya. Bamia, ambayo asili yake ni Afrika, karela, viazi vitamu na mlenda, unaouzwa Japani kwa jina lake la Kiarabu, vyote huvumilia jua la Agosti ambalo nyanya hailiwezi, na havidai plastiki wala kipaa. Tahadhari ni moja: maganda na mbegu za mlenda zina sumu, na huliwa majani machanga tu.