Same: Joto la Nyikani, Ukungu wa Upareni

Mkenya anayevuka mpaka wa Taveta na kuingia Holili huwa na Moshi au Arusha moyoni. Anayekwenda Dar es Salaam hukata kushoto pale Himo, na Same kwake ni dakika kumi za kununua maji na kunyoosha miguu. Nami nilipita hivyo miaka mingi. Safari hii nilishuka na begi langu, na nawasihi nanyi mshuke.

Same ni makao makuu ya wilaya katika mkoa wa Kilimanjaro, kama kilomita 105 kutoka Moshi. Ni nchi ya migunga na mibuyu, na kuelekea Makanya utaona mkonge umepandwa safu kwa safu. Mtu wa Voi au Mwatate atadhani hajatoka kwao, na hakosei: ni nyika ileile ya Tsavo, mpaka umeikata tu. Jua la saa saba linachoma, na wenyeji hukaa kivulini mpaka alasiri. Fanya kama wao.

Kilomita chache kutoka mjini ndipo lilipo lango la Zange la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Jina hilo, wanaeleza, limetoka katika Kipare: mko ni kijiko cha mti, mazi ni maji, yaani maji ya kuchota kwa kijiko. Nchi hii haijawahi kuwa na maji ya kumwaga. Ilikuwa pori la akiba tangu 1951, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2008, na eneo lake linazidi kilomita za mraba 3,200. Wakati wa mvua tembo huingia wakitoka Tsavo Magharibi, kwa kuwa malisho ni yao pande zote mbili. Faru weusi walikuwa wamemalizwa na majangili. Wa kwanza kurudishwa waliletwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini, katika kazi iliyoongozwa na Tony Fitzjohn, ambaye sisi Wakenya tunamjua kwa miaka aliyokaa Kora na George Adamson. Alihamia Mkomazi mwaka 1989, akatunza faru na kuzalisha mbwa mwitu. Leo wageni wanaweza kuwaona faru hao ndani ya uzio wao. Usisahau kitambulisho, kwani raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiingilio nafuu.

Ila ukiishia nyikani umeona nusu tu. Panda gari linalokwenda Mbaga, juu kwenye milima ya Upare Kusini. Huondoka Same adhuhuri, na ukilikosa utalala mjini. Barabara hufuata ukingo wa hifadhi kupitia Kisiwani kisha huanza kupanda, kona baada ya kona, hadi abiria wanafungua mikoba na kutoa masweta. Upepo wa Bahari ya Hindi hugonga milima hii na kuacha unyevu wake huko juu. Ndiyo maana migomba imestawi saa chache tu kutoka kwenye miba. Mbaga pana mapango ya Mghimbi, ambamo watu walijificha zamani za wateka watumwa. Nilikaa ndani kimya, nikawaza mama aliyembana mtoto kifuani asilie.

Wenye miguu imara waende Chome wakapande Shengena, kilele cha mita 2,462. Msituni humo yuko ndege mdogo wa rangi ya manjano na kijani, mwenye duara jeupe jichoni, asiyepatikana popote duniani ila Upare Kusini.

Kilichonishika zaidi ni ndiva. Ni bwawa dogo lililochimbwa mtelemkoni, kingo zake za mawe na udongo, na wazee wa Kipare walilibuni zamani sana. Usiku maji ya kijito hujaa humo taratibu. Asubuhi huzibuliwa tundu la chini, na maji yanashika mfereji kwenda kwa yule mwenye zamu. Katika kijiji cha Bangalala nilisimama na mkulima mmoja akisubiri maji yake. Yalikuja kwanza kama unyevu tu kwenye vumbi, yakasukuma majani makavu mbele, kisha yakaingia shambani. Alikuwa ameshika jembe, akifungua tuta hili na kufunga lile, hazungumzi kabisa hadi zamu yake ilipokwisha. Naamini sisi wa Taita na Ukambani tuna la kujifunza hapo.

Wapare, wenyeji wa milima hii, si watu wa kuonewa. Mwaka 1945 maelfu yao waliteremka milimani hadi Same kupinga kodi ya kikoloni iliyoitwa mbiru, wakapiga kambi kwa miezi.

Chakula cha huku ni makande, ndugu wa githeri, au pure kama tusemavyo Pwani, na chai ya tangawizi itokayo Mamba Miamba, kali hadi masikioni. Jioni ya mwisho Mbaga nilimwamkia mwenyeji wangu shikamoo, akaitikia marahaba na kunisogezea kigoda karibu na moto. Mlangoni ukungu ulikuwa umefunguka kidogo. Akanionyesha nyika chini, nyekundu bado kwa jua la magharibi, na vilima vya buluu nyuma yake.

“Kule ndiko kwenu, mwanangu,” akasema, akaniongezea makande.