Akiba ya Chakula Inayodumu Nyumbani

Akiba ya chakula huanza na ukavu wa nafaka. Mahindi ya kuhifadhi yanapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kipimo chake ni rahisi: punje hutiwa kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, zikatikiswa dakika chache, kisha zikaachwa zitulie. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka. Yarudishwe juani, juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Hatua hii haifai kurukwa hata kidogo, kwa kuwa unyevu hulea ukungu unaozalisha sumukuvu. Sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kupika hakuiondoi.

Adui mwingine ni dumuzi, mdudu wa asili ya Amerika ya Kati aliyeingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970. Kinga nzuri ni mfuko usiopitisha hewa, wenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba. Ukifungwa barabara, wadudu huishiwa oksijeni na kufa bila dawa.

Lakini mahindi matupu si mlo kamili. Maharage na kunde huhifadhiwa vivyo hivyo. Wasukuma hukausha viazi vitamu kuwa michembe, nao Wagogo hukausha mlenda. Mboga za majani ni heri zikaushwe kivulini, maana jua kali hupunguza vitamini A. Dagaa wakavu huleta protini, ila hawakai muda mrefu kama nafaka; waliotangulia kuwekwa waliwe kwanza.