Gari na Umeme Wake (Sehemu ya Tatu): Hita ya Sonda

Juma lililopita tuliona kazi ya sonda lambda, kile kijiti kilichofungwa kwenye bomba la moshi ili kunusa oksijeni inayobaki baada ya petroli kuungua. Leo tuitazame hita iliyo ndani yake.

Sonda ikiwa baridi hainusi kitu. Zirkonia yake haitoi umeme wa maana mpaka ifike nyuzi 300 hivi za Selsiasi. Sonda za kwanza, zilizofungwa kwenye magari ya Volvo mwaka 1976, zilitegemea joto la moshi peke yake. Hita zilikuja baadaye. Hita ikifa, kompyuta ya injini hukaa muda mrefu ikikadiria petroli bila ushahidi, na mara nyingi huzidisha. Anayeendesha safari fupi fupi hapa Nyangwe, sokoni na kurudi, ndiye anayeumia zaidi, maana injini huzimwa kabla sonda haijapata moto.

Mashine ya kusomea hitilafu itaonyesha P0135 kwa sonda ya mbele, au P0141 kwa ya nyuma. Hapo ndipo watu wanapopoteza pesa! Namba hizo zinataja njia nzima ya umeme wa hita: fyuzi, rilei, waya, soketi, kompyuta. Hazisemi kwamba sonda imekufa. Nilimwona mwenye gari mmoja akingoja sonda mpya kutoka Bukavu wiki tatu; akaifunga, na taa ya onyo kwenye dashibodi ikarudi jioni ile ile. Kumbe waya ulikuwa umeyeyuka juu ya bomba la moshi.

Basi subiri injini ipoe kabisa, kisha chomoa soketi. Kwenye sonda ya waya nne, mbili za rangi moja ndizo za hita: sonda ya Denso, iliyomo katika Toyota nyingi, ina nyeusi mbili; ya Bosch ina nyeupe mbili. Weka mita kwenye omu. Toyota nyingi za zamani husoma 11 hadi 16. Sonda nyingine husoma chini ya hapo. Mita isiposoma chochote, hita imekatika, agiza nyingine.

Ikisoma vizuri, hamia upande wa gari. Fungua swichi, upime waya wa umeme hadi bodi: ziwepo volti 12. Zisipokuwepo, rudi kwenye fyuzi na rilei. Zikiwepo, unganisha taa ndogo ya kupimia kati ya pini mbili za hita, uwashe injini ingali baridi. Ikiwaka au kupepesa, kompyuta inatimiza kazi yake. Chunguza pia pini zenye kutu ya kijani. Madimbwi ya njia ya Kasongo hayana huruma na soketi.

Land Cruiser za zamani za mazuti hazina sonda hii. Juma lijalo tutapima waya mbili zilizobaki, zile za ishara.