Haki ya Afya Hupimwa kwa Kilomita: Mama Mjamzito wa Uwanda wa Makonde

Mji wa Newala umejengwa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, mahali ambapo ardhi huanguka ghafla kuelekea bonde la mto Ruvuma. Upande wa magharibi, chini ya uwanda huo, uko mji wa Masasi na vilima vyake vya mawe. Katika wilaya hizo mna vijiji vingi vya wakulima wa korosho na muhogo, na baadhi yake hufikiwa kwa njia zenye mchanga mzito wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Mama mjamzito anayeishi katika kijiji cha namna hiyo ana haki zilizoandikwa katika mikataba ya Umoja wa Mataifa na ya Umoja wa Afrika. Makala haya yanachunguza jinsi haki hizo zinavyosafiri kutoka kwenye karatasi hadi kitandani pa kujifungulia, na mahali zinapokwama njiani.

Ahadi za taifa

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni mwaka 1976. Ibara ya 12 ya mkataba huo inatambua haki ya kila mtu kuwa na kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Waziri wa Afya wakati huo alikuwa Leader Stirling, daktari bingwa wa upasuaji mzaliwa wa Uingereza, ambaye alifika katika eneo la Masasi mwaka 1935 na kufanya kazi katika hospitali ya misheni ya Lulindi. Pengine ni mawaziri wachache duniani walioijua kwa mikono yao, kama yeye, tofauti iliyopo kati ya ahadi ya afya na chumba cha upasuaji cha kijijini.

Mwaka 1985 nchi iliridhia Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, unaozitaka serikali kutoa huduma za ujauzito na uzazi, bila malipo pale inapobidi. Mwaka 2007 ikafuata Itifaki ya Maputo kuhusu haki za wanawake barani Afrika. Mwaka huohuo Serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, uliojulikana kwa kifupi kama MMAM, wenye lengo la kuwa na zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata.

Sensa ya kaya na somo lake

Mwaka 2007 watafiti walifanya sensa ya kaya zaidi ya 225,000 katika wilaya tano za mikoa ya Lindi na Mtwara, Newala ikiwa mojawapo. Kila kaya ilipimwa mahali ilipo, na vifo vya wanawake vikachunguzwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionesha vifo 712 vinavyohusiana na ujauzito katika kila vizazi hai 100,000.

Jambo lililo zito zaidi ni umbali. Miongoni mwa wanawake walioishi ndani ya kilomita 5 kutoka hospitali, vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na matatizo ya uzazi vilikuwa 111 katika kila vizazi hai 100,000. Kwa walioishi zaidi ya kilomita 35, vilikuwa 422. Wanawake hawa ni raia wa nchi moja, chini ya Katiba moja na mikataba ileile, lakini hatari ya mmoja ilikaribia kuwa mara nne ya hatari ya mwenzake kwa sababu ya mahali alipojenga nyumba.

Hata hivyo, sensa hiyo ilikuwa na somo la pili ambalo husahaulika kirahisi. Ukijumlisha sababu zote, yaani pamoja na maradhi mengine yanayomkuta mjamzito, hata wanawake walioishi ndani ya kilomita 5 walikuwa na vifo 664 katika kila vizazi hai 100,000. Kuishi jirani na hospitali, peke yake, hakukuwa kinga ya kutosha.

Mwili hausubiri

Kitabibu, sababu za tofauti hiyo zinaeleweka. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa chache, hata kama alikuwa na afya njema. Uzazi pingamizi unahitaji upasuaji. Kifafa cha mimba kinahitaji magnesi salfeti na muuguzi anayejua kuitumia. Wataalamu huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika.

Mwaka 2000 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa 1976 ilifafanua kwamba haki ya afya ina nguzo nne: huduma ziwepo, zifikike, zikubalike kwa watu, na ziwe bora. Oksitosini, dawa inayozuia damu kutoka baada ya kujifungua, huharibika isipohifadhiwa kwenye ubaridi. Kwa hiyo jokofu lenye umeme wa uhakika katika zahanati ni sehemu ya haki ya binadamu. Ndivyo yalivyo pia maji ya kunawia mikono ya mkunga, na juu ya uwanda wa Makonde, ambako vijito ni haba, maji hayo husukumwa kwa pampu kutoka mabondeni. Ndivyo ilivyo pia chupa ya damu salama. Jengo lililozinduliwa bila vitu hivi limetimiza nguzo moja na kuacha tatu.

Mkataba na mahakama

Nchini Tanzania mkataba ulioridhiwa na Bunge haugeuki wenyewe kuwa sheria ya ndani, hutungiwa sheria. Katiba inalinda haki ya kuishi katika Ibara ya 14. Msaada wa jamii wakati wa maradhi umetajwa katika Ibara ya 11, lakini Ibara ya 7 inaeleza kwamba mahakama haina uwezo wa kuamua kama masharti ya sehemu hiyo yametekelezwa. Yameachwa kuwa mwongozo kwa Serikali.

Majirani wamepita njia nyingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaja haki ya afya, pamoja na afya ya uzazi, katika Ibara ya 43. Nchini Uganda, shauri kuhusu vifo vya wajawazito lilifunguliwa mwaka 2011 na kutupwa mwaka uliofuata kwa hoja kwamba ni suala la kisiasa. Mahakama ya Juu ilirejesha shauri hilo mwaka 2015, na mwaka 2020 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni uvunjaji wa haki. Hukumu haishoni jeraha wala haiongezi damu, lakini humlazimu mwenye bajeti kujieleza.

Nani anaulizwa?

Mambo mengi yamebadilika tangu sensa ile. Makadirio ya kitaifa ya vifo vitokanavyo na uzazi yalishuka kutoka 556 katika kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Mjini Mtwara sasa ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Mfumo wa m-mama, unaotumia namba 115 bila malipo, huwaunganisha wajawazito wenye dharura na magari ya wagonjwa au madereva wa jamii. Haya ni mafanikio ya kweli. Lakini wastani wa taifa hausemi lolote kuhusu kijiji kimoja kilicho mwisho wa njia.

Nyenzo za kuuliza habari za kijiji hicho zipo tayari. Kila kifo cha mama hutakiwa kufanyiwa mapitio ili kubaini ucheleweshaji ulitokea wapi, bila kutafuta wa kulaumiwa. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na vituo vya huduma vina kamati zenye wawakilishi wa wananchi. Mapitio ya vifo yakibaki katika faili la wilaya, na mkutano wa kijiji ukaishia kwenye michango na bei ya korosho, vyombo hivi viwili havitakutana kamwe. Matokeo ya mapitio yanaweza kusomwa mbele ya wanakijiji bila kutaja jina la marehemu: gari lilichukua saa ngapi, dawa ilikuwepo au haikuwepo, damu ilikosekana kwa nini.

Serikali hupeleka taarifa zake kwa kamati za kimataifa kila baada ya miaka kadhaa. Mjamzito wa Newala au Masasi anastahili taarifa ya karibu zaidi, inayotolewa chini ya mkorosho wa kijiji chake na mtu anayeweza kuulizwa swali na kulijibu.