Kipa aliyegoma kucheza uso wazi

Jacques Plante alizaliwa mwaka 1929 huko Quebec, Canada, kifungua mimba katika familia ya watoto 11. Fedha nyumbani zilikuwa za kubana. Mama yake alimfundisha kufuma, na hata alipokuwa nyota aliendelea kujifumia kofia za sufu. Pumu haikumruhusu kukimbizana barafuni kwa muda mrefu, hivyo akasimama golini.

Enzi hizo makipa wa hoki ya barafu walicheza uso wazi, mbele ya kisahani cha mpira mgumu kinachopigwa kwa gongo. Plante alishavunjika pua na mifupa ya mashavu. Hata hivyo, kocha wake wa Montreal Canadiens, Toe Blake, alimruhusu kuvaa kinyago mazoezini tu, akihofia kitamzuia kuona.

Novemba 1, 1959, jijini New York, shuti la Andy Bathgate lilimpasua uso. Alishonwa nyuzi, kisha akasema harudi uwanjani bila kinyago. Timu haikuwa na kipa wa akiba. Blake akakubali shingo upande, na Canadiens wakashinda 3-1.

Wapo waliomwita mwoga. Mwoga gani anarudi golini na jeraha bichi? Msimu huo timu ilitwaa Kombe la Stanley kwa mara ya tano mfululizo.

Plante alifariki mwaka 1986. Makipa wa hoki, wakubwa kwa watoto, sasa wote huvaa kinyago.