Mtungi na Matumbawe: Kupoza Bahari ya Sebuleni

Anayefuga matumbawe katika tangi la kioo nyumbani, Dar es Salaam au Mombasa, adui yake mkubwa ni joto, hasa mwezi Machi upepo wa kaskazi unapolegea na hata usiku hauleti nafuu kubwa. Wengi hukimbilia mashine ya kupoza maji. Mashine hiyo ina kazi yake, lakini inapaswa kuja mwisho. La kwanza ni kuzuia joto lisiingie majini. La pili ni kuyaacha maji yajipoze kwa kutoa mvuke, kama yafanyavyo katika mtungi wa udongo. Hayo mawili yakitimia, mashine ama haitahitajika, ama itatosha iliyo ndogo.

Mtu anaweza kuuliza: kwani matumbawe si ya bahari ya joto? Ni kweli, lakini yanaishi karibu sana na ukomo wa joto yanaloweza kulistahimili. Tumbawe ni mnyama anayeishi na mwani mdogo mno ndani ya mwili wake. Mwani huo hupata nguvu kutokana na mwanga, na sehemu kubwa ya chakula unachotengeneza humlisha mwenyeji wake. Maji yakizidi kwa nyuzi moja tu kiwango cha kawaida cha kilele cha msimu wa joto, na hali hiyo ikidumu wiki kadhaa, ushirika huo huvunjika, mwani hutoka, na tumbawe hupauka. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya pwani ya Kenya na Tanzania yalipauka na kufa kwa sababu hiyo. Tena bahari ina kinga yake: kati ya Pemba na Tanga kuna vilindi ambavyo maji yake ya baridi huyapa nafuu matumbawe ya eneo hilo. Tangi la lita 200 halina kilindi. Maji yake yanaweza kupanda nyuzi kadhaa kati ya asubuhi na alasiri, na kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba oksijeni kidogo, wakati ule ule samaki wanapoihitaji zaidi. Ndiyo maana wafugaji wengi hulenga nyuzi 25 hadi 27, zisizopandapanda na kushuka ovyo.

Basi tuanze na joto linaloingia. Jua la dirishani huonekana, na dawa yake ni kulihamisha tangi au kuweka pazia zito. Lisiloonekana ni lile la vifaa vyenyewe. Pampu ya wati 50 iliyozamishwa majini hutumia uniti 1.2 za umeme kwa siku, na karibu umeme wote huo huishia kuwa joto. Kama joto hilo lisingepata pa kutokea, lingeyapandisha maji ya lita 200 kwa nyuzi 5 kwa siku moja. Kubadili pampu hiyo kwa isiyokula umeme mwingi, au kwa ile ambayo mota yake hukaa nje ya maji, ni kupoza tangi bila kulipia ubaridi. Taa ni vivyo hivyo: taa za LED humwaga joto kidogo majini kuliko balbu kubwa za zamani. Matumbawe pia hayajali saa ya ukutani, mradi yapate mwanga wa kutosha kwa ratiba isiyobadilika. Taa zinaweza kuwashwa jioni hadi usiku, nyumba ikiwa imepoa, badala ya kuongeza joto lao juu ya lile la mchana.

Sasa tuuangalie mtungi. Maji yake hupoa kwa sababu sehemu ndogo hupenya udongo, hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Nguvu ya jambo hili ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Lita moja ikigeuka mvuke kutoka tangi la lita 200, huondoa joto la kutosha kuyashusha maji yaliyobaki kwa karibu nyuzi 3. Kilo nzima ya barafu hushusha nusu nyuzi tu. Kwa hiyo feni ndogo inayopuliza juu ya maji, mfuniko wa kioo ukiwa umeondolewa na wavu ukiwekwa ili samaki wasiruke nje, hufanya kazi ambayo friji la nyumbani haliwezi. Ina sharti moja: mvuke huondoka, chumvi hubaki. Tangi likipoteza lita 4 kwa siku bila kujazwa, kwa siku tatu chumvi yake hupanda kutoka gramu 35 hadi zaidi ya 37 kwa lita. Kinachorudishwa kila siku kiwe maji baridi yasiyo na chumvi, yaliyochujwa vizuri, kamwe yasiwe maji ya bahari.

Mkazi wa pwani atasema feni haimfai kwa sababu hewa yake imejaa unyevu, na hoja yake ina uzito. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 40, kama ya mchana wa kiangazi Dodoma, inaruhusu mvuke kuyapoza maji hadi karibu nyuzi 22. Hewa ya nyuzi 32 hizo hizo yenye unyevu wa asilimia 75 huishia nyuzi 28, hata feni ziwe kumi. Hapo ndipo mashine inapopata nafasi yake. Kiyoyozi katika chumba kilichofungwa hupoza hewa na kuipunguzia unyevu, hivyo feni hurudiwa na nguvu na watu nao hufaidi. Mashine ya kupoza maji pia inafaa, lakini tukumbuke kwamba haiui joto, inalihamisha tu. Ikifungiwa kabatini chini ya tangi, huvuta hewa moto iliyoitoa yenyewe. Ikae mahali joto lake linapoweza kutoka nje.

Na umeme ukikatika? Anayeitegemea mashine peke yake hubaki mikono mitupu. Katika saa za kwanza hatari kubwa huwa ukosefu wa oksijeni, kwa hiyo pampu ndogo ya hewa na feni za betri ni akiba ya lazima. Chupa za maji yaliyogandishwa, zikiwa zimefungwa, husaidia kwa dharura. Barafu tupu isitiwe, maana ikiyeyuka hupunguza chumvi.

Matumbawe ya mawe yanalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na biashara yake kati ya nchi huhitaji kibali. Kiumbe anayelindwa hivyo hastahili kununuliwa kwa majaribio. Wewe unayetamani kufuga, jaza kwanza tangi lako maji ya chumvi peke yake, uwashe pampu na taa, upime joto alfajiri na alasiri kwa wiki mbili za msimu wa joto. Yakivuka nyuzi 28, rekebisha nyumba na vifaa vyako, upime tena. Tumbawe la kwanza liingie baada ya kipimajoto kuridhika.