Majirani Zetu na Mtihani wa Udereva

Ndugu wasikilizaji, katika daraja la Rusumo, mahali ambapo mto Kagera unatenganisha Tanzania na Rwanda, kila dereva atokaye Dar es Salaam hulazimika kufanya jambo ambalo hakulifanya katika safari yake yote. Hulazimika kuuacha upande wa kushoto wa barabara na kushika upande wa kulia. Hapo hapana mtahini mwenye kalamu na karatasi. Hata hivyo huo ni mtihani, na anayeushindwa huenda asipate nafasi ya kuurudia.

Jambo hilo latukumbusha kwamba leseni ya udereva si shauri la nchi moja peke yake. Malori na mabasi ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania huvuka mipaka kila siku. Dereva aliyefundishwa vibaya Nairobi aweza kuleta msiba Singida, na aliyefundishwa vibaya Dar es Salaam aweza kuleta msiba Nakuru. Kwa hiyo ni haki yetu, tena ni wajibu wetu, kujua majirani zetu huwapimaje watu wanaotaka kushika usukani. Katika mazungumzo yetu ya leo tutaeleza mwanafunzi wa udereva hukutana na nini siku ya mtihani katika nchi mbili, Kenya na Rwanda.

Tuanze na Kenya. Huko mtihani uko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya polisi. Mwanafunzi hupata kwanza leseni ya muda ya kujifunzia, akaendesha gari lenye alama ya herufi L, akiwa pamoja na mwalimu wake. Anapokuwa tayari, shule humwandikisha kwa ajili ya mtihani.

Watu wengi hudhani kwamba mtihani huanza ndani ya gari. Sivyo. Huanza mbele ya ubao. Juu ya ubao huo umechorwa mji mdogo wenye barabara za njia moja na za njia mbili, makutano, mizunguko, maegesho na vivuko vya waendao kwa miguu. Mtahiniwa hupewa kigari cha kuchezea, naye mtahini humwambia: uko hapa, nataka ufike pale. Mtahiniwa hukisukuma kigari kwa mkono, huku akieleza anashika safu ipi, anampisha nani, na anatoa ishara wapi. Akiingia njia moja kutoka upande usioruhusiwa, au akigeuka kulia kutoka safu ya kushoto, kosa lake huonekana papo hapo. Kisha huulizwa maana ya alama za barabarani.

Wapo wanaoucheka ubao huo, wakisema ni mchezo wa watoto. Kicheko hicho hakina msingi. Mtu aweza kuzijua gia zote na kukanyaga klachi kwa ustadi, lakini asijue nani ana haki ya kupita kwanza kwenye mzunguko, ule ambao wengi wetu huuita kipilefti. Ubao humpima akili kabla ya miguu. Ubaya wa ubao uko mahali pengine. Uko katika tabia ya wanafunzi kukariri njia kama wanavyokariri majedwali ya hesabu. Aliyekariri hushindwa mara tu mtahini anapobadilisha mahali pa kuanzia. Aliyefahamu kanuni hawezi kubabaishwa, kwa maana kanuni ni ile ile popote kigari kiwekwapo.

Baada ya ubao huja gari lenyewe. Ni kawaida watahiniwa kadhaa kuingia katika gari moja la shule, wakapokezana usukani mmoja baada ya mwingine, mtahini akiwa ameketi kando ya dereva. Muda wa kila mmoja huwa mfupi, pengine wa dakika chache tu. Kwa sababu hiyo mambo ya mwanzo ndiyo yenye uzito mkubwa. Mtahini hutazama kama mtahiniwa amerekebisha kiti chake na vioo, kama amefunga mkanda, na kama gia iko huru kabla ya kuwasha injini. Hutazama kama ametoa ishara na kugeuza kichwa kuangalia nyuma kabla ya kuingia barabarani. Gari likishaondoka, husikiliza jinsi gia zinavyobadilishwa, na hupima kama dereva anaziona alama mapema au anashtukia breki.

Kipimo kinachowatia hofu wengi ni kuondoa gari kwenye mwinuko. Gari husimamishwa mlimani kwa breki ya mkono, na mtahiniwa huamriwa aondoke bila kurudi nyuma. Siri yake si nguvu. Ni kuiachia klachi polepole huku ukikanyaga mafuta kidogo, mpaka mlio wa injini ubadilike na gari litetemeke kama linataka kwenda. Hapo ndipo breki ya mkono huachiwa, si kabla yake. Anayefanya pupa huzimisha injini, au gari hurudi nyuma kwa aliyesimama mgongoni pake. Kuzimika kwa injini mara moja si mwisho wa dunia. Linalomwangusha mtahiniwa mara nyingi ni fadhaa inayofuata, pale anapowasha tena gari likiwa kwenye gia na kuruka nalo mbele.

Sasa tuvuke mpaka wa Rusumo. Nchini Rwanda mtihani husimamiwa na polisi, nao umegawanywa sehemu mbili. Kwanza ni mtihani wa kanuni, wenye maswali 20, na anayepata 12 au zaidi hupewa leseni ya muda. Akiwa na leseni hiyo hujifunza kuendesha, kisha hufanya mtihani wa vitendo ili apate leseni ya kudumu. Hutakiwa kuegesha gari, kurudi nyuma na kuondoa gari penye mwinuko.

Mwaka 2024 Rwanda ilifungua kituo kipya huko Busanza, mjini Kigali, ambako kazi ya kutoa alama imekabidhiwa mitambo. Kamera na vyombo vya kuhisi hufuatilia mwendo wa gari uwanjani. Gurudumu likikanyaga mstari, chombo hunasa kosa, na matokeo hutolewa mara baada ya mtihani. Hapana ubishi kati ya mtahini na mtahiniwa kwamba mstari ulikanyagwa au haukukanyagwa.

Ndugu wasikilizaji, faida ya mitambo hiyo ni dhahiri. Mtambo haumjui mtoto wa mkubwa wala haupokei bahasha. Kila mmoja wetu amepata kusikia habari za mtu aliyepata leseni bila kuketi mbele ya mtahini hata siku moja. Leseni ya namna hiyo haimdanganyi askari wa trafiki tu. Humdanganya mwenyewe aliyeinunua, na huwadanganya abiria wanaopanda gari lake wakiamini kwamba amepimwa. Lakini tusidhani kwamba mitambo itamaliza kila tatizo. Uwanja wa mtihani hauna mbuzi wanaokatiza njia. Hauna mtoto anayekimbilia mpira, wala bodaboda inayopita upande usiotarajiwa, wala lori lililoharibika usiku bila taa. Mambo hayo yanahitaji jicho la mwalimu mwenye subira na saa nyingi za mazoezi barabarani.

Kuna na lile la upande wa barabara. Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi kutoka kwa Waingereza desturi ya kushika kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo zilirithi kutoka kwa Wabelgiji desturi ya kushika kulia. Kwa hiyo dereva aliyefaulu vizuri Nairobi, akifika Kigali, huukuta mzunguko ukizungushwa kinyume cha alivyozoea, na hukuta kwamba kukata kushoto ndiko kunakomlazimisha kuwakatiza waendao mbele yake. Anapotaka kulipita gari jingine, usukani wake uko upande wa ukingo wa barabara, hivyo haoni vema kinachokuja. Leseni yake haikumpima katika hayo. Hapo ndipo shule za udereva na wenye makampuni ya malori wanapopaswa kuongeza mafunzo kabla ya kuwatuma madereva wao safari.

Hatari tunayoizungumza si ndogo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Nchini Kenya peke yake zaidi ya watu 4,000 walikufa barabarani katika kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024.

Basi kijana anayejiandaa kwa mtihani, awe Kenya, Rwanda au hapa petu, asimwone mtahini kama adui aliyewekwa kumzuia riziki. Alale mapema, afike na vitambulisho vyake, asikilize amri mpaka mwisho kabla ya kuitenda, na asione haya kuomba irudiwe asipoisikia. Akishindwa, arudi kwa mwalimu wake, asitafute njia ya mkato. Mtihani huchukua dakika chache, lakini anayefaulu hukabidhiwa maisha ya watu kwa miaka mingi. Afadhali mtu mmoja arudi nyumbani leo bila leseni kuliko abiria wa kesho wasirudi nyumbani kabisa.